Skana ya bei nafuu kwa programu yako: anzia kwenye boksi la dawa

Skana ya bakodi ya shilingi elfu themanini na skana ya laki sita, ukizielekeza kwenye pakiti moja ya majani ya chai, zote zitalia pii na zote zitaingiza kwenye kompyuta tarakimu 13 zilezile. Ukiishia hapo utasema mwenye laki sita kapigwa. Sogea kwenye rafu ya dawa, chukua boksi la antibayotiki lenye kile kimraba cha vidoti pembeni, na huenda ile ya elfu themanini ikamulika mpaka mkono uchoke bila kutoa sauti.

Nimekuwa nikiandika programu ya famasi moja pembezoni mwa Dar es Salaam: mauzo ya kaunta, hesabu ya stoo, na kufuatilia dawa zinazokaribia kuisha muda. Suala la fedha mwenye famasi alilimaliza mapema. "Mwanangu, programu nitakulipa, ila mambo ya mashine usinipeleke mbali." Basi nikaingia kutafuta skana ya bei ya chini ambayo haitaifanya programu yangu itukanwe kaunta. Maana mteja hajui mpaka kati ya skana na programu uko wapi. Kisiposomeka kitu, mfumo mbovu, na aliyeutengeneza ni wewe.

Nilichojifunza kinaingia kwenye sentensi moja: skana unayonunua ni mtiririko wa herufi unaofika kwenye programu yako, kifaa chenyewe ni kifuniko tu. Kwa hiyo usianze na skana. Anza na vitu vitakavyosomwa, kisha angalia ni herufi gani zinafika upande wa pili, ndipo uulize bei.

Nilimwomba dada wa kaunta asitupe maboksi matupu, ayaweke kwenye mfuko. Mfuko ulipojaa nikaumwaga mezani, na makundi yakajitokeza yenyewe.

Kundi kubwa lilikuwa na bakodi ya kawaida ya mistari, EAN-13, ileile iliyo kwenye karibu kila bidhaa ya supamaketi. Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha kampuni iliandikishwa na tawi gani la GS1, shirika la kimataifa linalogawa namba za bakodi: 620 ni Tanzania, 616 Kenya, 890 India, 629 Falme za Kiarabu. Wengi hudhani zinaonyesha bidhaa ilikotengenezwa. Sivyo, kampuni iliyojiandikisha Nairobi inaweza kufungasha mzigo wake popote duniani na namba ikabaki 616. Kwa hiyo usije ukaweka kwenye programu safu ya "nchi ilikotoka" ukaijaza kwa tarakimu hizo. Nimeona mtu kafanya hivyo, na ripoti yake ilikuwa nzuri kuitazama, lakini ya uongo.

Mistari hii haina shida kwa skana yoyote. Mzazi wake wa Kimarekani, UPC mwenye tarakimu 12, alisomwa kwenye kaunta ya duka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, jimbo la Ohio, kwenye pakiti ya chingamu. Watengenezaji wamepata zaidi ya nusu karne ya kuizoea kazi hiyo. Muuzaji akikusifia skana yake kwa kuwa inasoma sabuni, bado hajakuambia kitu.

Kundi la pili ndilo lililoamua kila kitu: maboksi yenye DataMatrix, kimraba kidogo cha vidoti vyeusi na vyeupe. Umoja wa Ulaya ulikifanya kuwa lazima kwa dawa nyingi za kuandikiwa na daktari kuanzia tarehe 9 Februari 2019, na viwanda vingi vya nje ya Ulaya navyo vinakichapa. Ndani yake hukaa mambo manne: namba ya bidhaa, tarehe ya kuisha muda, namba ya bechi, na mara nyingi namba ya pekee ya boksi lile lile ulilolishika. Kwa programu inayofuatilia muda wa dawa, hii ni bahati. Dada wa kaunta hapapasi tena boksi akitafuta tarehe iliyogandamizwa kwenye karatasi bila wino, wala hachapi 2027 mahali pa 2026 kwa sababu kuna foleni.

Kundi la tatu halikuwa na chochote: chupa zilizojazwa kutoka madebe makubwa, dawa zinazokatwa strip moja moja, bandeji za kupima. Hayo nitayarudia.

Sasa unaweza kuzungumzia aina za skana ukiwa na sababu. Skana ya leza inapitisha nukta ya mwanga mwekundu juu ya mistari kwa kutumia kioo kidogo kinachotikisika, kisha inapima mwanga unaorudi. Ina kasi na inafika mbali kidogo, lakini inajua mistari peke yake, na ukiielekeza kwenye kioo cha simu kwa kawaida haioni kitu. Ile inayouzwa kwa jina la CCD inapiga picha ya ufito mmoja mwembamba. Nayo ni ya mistari tu, na inapenda usogee karibu. Ya tatu ina kamera inayopiga picha nzima, halafu kuna programu ndani yake inayotafuta bakodi kwenye picha hiyo. Hii ndiyo wauzaji wanaiita 2D. Inasoma mistari, QR na DataMatrix, karatasini au kwenye simu, na haijali kama boksi umelishika kichwa chini.

Kwa famasi mjadala uliishia hapo. Lakini hata kwa duka la vipuri au la vinywaji ningechukua 2D leo. Risiti za EFD, mashine za risiti za kodi ambazo TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, ilianza kuziingiza kwa wafanyabiashara mwaka 2010, siku hizi zinatoka na QR ya kuhakiki. Ankara za eTIMS, mfumo wa kodi wa jirani zetu wa Kenya, zina yake. Siku mwenye duka atakapotaka risiti za manunuzi ziingie kwenye programu bila kuandikwa kwa mkono, mwenye leza ataambiwa anunue skana nyingine. Kwa bei nilizotajiwa Kariakoo, ya waya isomayo mistari tu ilikuwa chini kidogo ya laki, na 2D ya waya isiyo na jina kubwa ilianzia laki na ishirini hivi. Hiyo tofauti haitoshi kubishania.

Kibodi isiyoonekana

Chomeka skana ya kawaida ya USB kwenye kompyuta, na kompyuta itadhani umechomeka kibodi. Haitaki draiva wala leseni. Ukiskani kitu, inaona kama mtu kachapa tarakimu kwa kasi ya ajabu kisha kabonyeza Enter. Ndiyo maana skana inafanya kazi kwenye Excel, kwenye Notepad, hata kwenye WhatsApp ya kompyuta. Ni urahisi mkubwa, na matatizo yako ya kwanza yatatoka humohumo.

Chukua hili: dada wa kaunta amebofya kisanduku cha idadi ili abadilishe 1 iwe 2. Mteja akamuuliza kitu. Aliporudi akachukua boksi jingine na kuliskani. Kishale bado kiko kwenye idadi. Programu inapokea agizo la paracetamol boksi trilioni sita na ushee, na kwa kuwa skana imemalizia na Enter, imeshakubali.

Unaweza kuweka kikomo kwenye kisanduku cha idadi, na uweke. Lakini kinga hasa ni programu itambue ni nani anayechapa. Binadamu hachapi herufi 13 kabla hujapepesa jicho. Programu yangu inakusanya herufi zote zinazofuatana kwa pengo dogo kuliko milisekunde 50. Zikifuatiwa na Enter, inazipeleka kwenye orodha ya mauzo hata kama kishale kilikuwa kwenye jina la mgonjwa. Hiyo 50 nimeiweka kwenye faili la mipangilio, sikuizika ndani ya kodi ya programu, kwa sababu skana za bei ndogo zinatofautiana kasi, na kompyuta ya famasi yenyewe ni nzee. Njia nyingine ni kuiagiza skana itangulize alama fulani kabla ya kila bakodi, alama ambayo hakuna atakayeichapa kwa mkono. Skana nyingi zinakubali, kwa kusoma bakodi za mipangilio zilizo kwenye kitabu chake cha maelekezo.

Kuna kisa cha kibodi ambacho sisi wa Dar na Nairobi hatukijui, lakini mwenzetu wa Bujumbura au Lubumbashi anakijua vizuri. Skana ikitoka kiwandani inabonyeza vitufe kama vile kibodi ni ya Kimarekani. Kompyuta iliyopangwa kwa kibodi ya Kifaransa inavitafsiri kwa mpangilio wake, ambako mstari wa juu bila Shift hautoi tarakimu. Namba ya Kenya inayoanza na 616 inaingia kama "-&-", na ya Tanzania yenye 620 inaingia "-éà". Mtu anarudisha skana dukani akisema mbovu, kumbe nzima kabisa. Dawa yake ni kusoma ile bakodi ya kwenye maelekezo inayobadilisha mpangilio kuwa wa Kifaransa. Basi kama programu yako itavuka Kigoma, hakikisha mapema kwamba skana uliyochagua ina chaguo hilo, na uandike kwenye mwongozo wako. Caps Lock nayo ina vituko vyake: ikiwa imewashwa, namba ya bechi yenye herufi kubwa inaweza kuingia na herufi ndogo, na programu ikadhani ni bechi mpya.

Herufi isiyochapika

Hapa ndipo skana rahisi zinapoachana, na sijaona muuzaji yeyote akilitaja. Hiki ndicho kinachotoka kwenye DataMatrix ya dawa, kwa mfano niliotengeneza kwa namba ambayo GS1 yenyewe hutumia kwenye mafunzo:

01095060001343521727053110K21472188305

Inasomwa kwa vipande. 01 inasema tarakimu 14 zinazofuata ni namba ya bidhaa: 09506000134352. Halafu 17, na tarakimu sita za tarehe ya mwisho: 270531, yaani tarehe 31 Mei 2027. (Ukikuta siku imeandikwa 00, maana yake ni mwisho wa mwezi huo, lishughulikie kabla halijaangusha programu.) Halafu 10, inayoanzisha namba ya bechi. Na hapo panaanza utata, kwa sababu bechi haina urefu maalumu. Inaweza kuwa na herufi moja, inaweza kuwa na 20. Baada yake inakuja 21, inayoanzisha namba ya pekee ya boksi, nayo haina urefu maalumu.

Sasa niambie, kwenye K21472188305, bechi inaishia wapi? Inaweza kuwa bechi K2147 na boksi 88305. Inaweza pia kuwa bechi K na boksi 472188305. Zote mbili zimekaa sawa kisheria. Waliobuni utaratibu huu walilijua hilo, wakaweka kitenganishi baada ya kipande chenye urefu usiojulikana: herufi namba 29 ya ASCII, orodha inayoipa kila herufi ya kompyuta namba yake, ambayo haichapiki wala haionekani kwenye skrini. Kwenye boksi halisi ipo kati ya K2147 na 21. Swali ni kama inafika kwako.

Kibodi haina kitufe cha herufi hiyo. Skana iliyo kwenye hali ya kibodi itafanya moja kati ya mambo matatu: itaitupa kimyakimya, itaituma kama Ctrl pamoja na mabano, au itakuruhusu uibadilishe kwa alama inayoonekana. La kwanza ndilo baya, kwa sababu kila kitu kinaonekana kizuri. Tarehe inaingia sawa, bidhaa inaingia sawa, na bechi inaingia takataka. Utagundua siku kiwanda kinapotaka bechi fulani iondolewe sokoni, unatafuta kwenye stoo, haimo, na boksi liko mbele yako rafuni.

Njia safi ni kuitoa skana kwenye hali ya kibodi na kuiweka kwenye hali ya bandari ya COM, ile inayoitwa USB virtual COM. Hapo skana haichapi tena. Inatuma herufi zote kama zilivyo, 29 ikiwemo, moja kwa moja kwenye programu yako. Matatizo ya kishale, ya Caps Lock na ya kibodi ya Kifaransa yanaondoka kwa pamoja. Gharama yake ni kuandika kipande cha kusikiliza bandari, na kazi hiyo si kubwa. Kama programu yako inaishi kwenye kivinjari, Chrome ya kompyuta inaweza kusoma bandari hiyo tangu toleo la 89 la mwaka 2021, kupitia Web Serial, ingawa mtumiaji lazima abofye na kukubali mara ya kwanza.

Ukishafika huko, washa kitu kimoja zaidi kama skana inacho: kitambulisho cha aina ya bakodi, herufi tatu zinazotangulia kila usomaji. DataMatrix ya GS1 inakuja na ]d2 mbele, EAN-13 inakuja na ]E0. Programu haibahatishi tena kama hizi tarakimu 13 ni bidhaa ya kweli au ni mwanzo wa kitu kingine.

Kwa hiyo sifa nilizokwenda nazo sokoni zilikuwa chache: 2D, ya waya, ina hali ya COM, inatoa kitenganishi, na maelekezo yake yanapatikana. Rangi, kisimamio, na ile "hadi mita kadhaa" kwenye boksi sikuviangalia.

Kariakoo na mfuko wa maboksi

Nilikwenda na laptopu na ule mfuko. Duka la kwanza kijana alinipokea vizuri: "Bosi, hii inasoma zote, hata ya Ulaya."

"Sawa kaka, tuijaribu basi. Nina maboksi yangu hapa."

Aliangalia mfuko, akaangalia foleni nyuma yangu, akanivutia kiti. Maduka mengi watakuruhusu ukiomba kwa adabu na usipokwenda saa sita mchana.

Mfukoni nilichagua vile vinavyokera. Chupa ya matone ya macho, nyembamba kiasi kwamba mistari inajikunja na kupotelea nyuma. Chupa ya dawa ya kikohozi yenye lebo iliyolowa sharubati. Boksi dogo lenye DataMatrix isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Boksi lililofunikwa nailoni inayong'aa, ambalo chini ya taa za tyubu linarudisha mwanga wa skana machoni pake. Na simu yangu, mwanga wa kioo nimeupunguza, ikiwa na picha ya QR.

Ya kwanza ilisoma vyote isipokuwa boksi la nailoni, mpaka nilipoinamisha mkono kidogo. Hiyo ni tabia ya kawaida na muuzaji wa kaunta anaizoea. DataMatrix ndogo iliisoma nikiwa nimeisogelea sana, ikakataa nikirudi nyuma. Ya pili, bei ileile na umbo zuri zaidi, ilitaka kila kitu kikae katikati kabisa. Ukubwa wa vidoti ndio unaoleta tofauti. Kwenye boksi la skana utaona neno kama 5 mil. Mil moja ni sehemu ya elfu ya inchi. EAN-13 ya ukubwa wa kawaida ina mstari mwembamba wa milimita 0.33, sawa na mil 13, ndiyo maana kila skana inaiweza. Vidoti vya dawa huwa vidogo kuliko hapo, na kinachoandikwa kwenye boksi la skana ni ahadi iliyotolewa mbele ya karatasi safi yenye wino mweusi. Jaribu kwa vitu vyako.

Kisha nikaomba kitabu cha maelekezo. Skana za bei ndogo huja na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, maandishi kama ya sisimizi, bakodi za mipangilio zimebanana kiasi kwamba ukilenga moja unasoma ya jirani. Funika zile za pembeni kwa vidole. Niliiweka kwenye COM, nikafungua programu ya kuonyesha herufi kwa namba zake, nikaskani boksi, na hapo katikati ya bechi na boksi ikatokea 29. Nikalipa. Katika duka jingine karatasi ya maelekezo haikuwepo, na kijana aliniambia nitaikuta mtandaoni, niliondoka. Skana isiyo na maelekezo imefungwa kwenye hali aliyoichagua mtu mwingine.

Nilinunua mbili zinazofanana. Mwenye famasi aliguna, lakini zote mbili bado zilikuwa chini ya nusu ya bei ya ile yenye jina. Moja iko kaunta, moja iko kabatini ikiwa imeshapangwa vilevile, na ya kaunta ikifa mauzo hayasimami kwa kusubiri fundi. Pia nilichapa ukurasa mmoja wenye bakodi za kurudisha mipangilio ya kiwandani, kisha COM, kisha kitambulisho, kwa mpangilio huo, nikaupiga laminesheni. Maana vijana wa kaunta wakikosa wateja huskani chochote kilicho karibu, na kile kikaratasi cha maelekezo ni kitu cha kwanza kufikiwa. Kichukue, ukifiche.

Sisemi zenye jina hazina maana. Zebra, ambayo mwaka 2014 ilinunua kitengo cha Motorola Solutions kilichokuwa na skana za Symbol, na Honeywell, iliyoichukua Metrologic mwaka 2008, zinauza kitu ambacho kijana wa Kariakoo hana: nyaraka. Mwongozo mzima wa mtengeneza programu, mamia ya kurasa, kila herufi imeelezwa, na modeli inakaa sokoni miaka mingi, ukiagiza tena unapata ileile. Skana isiyo na jina unayoipenda leo inaweza kubadilishwa vitu vya ndani mwakani, boksi likabaki lilelile. Kama unaandika programu ya kuuzwa kwenye matawi mengi, au skana itafanya kazi kwenye ghala lenye vumbi na sakafu ya zege, lipa hiyo laki sita na uangalie alama ya IP: tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Kwa kaunta moja ya famasi yenye feni na meza safi, sikuona sababu.

Zisizo na waya nilizikwepa. Betri huchoka, kipokezi cha USB hupotea siku ya usafi, na ukivuka umbali wake baadhi hutupa ulichosoma bila kusema. Waya hauna mambo hayo, na umeme ukikatika skana inaendelea kula umeme wa laptopu. Kwa kuhesabu stoo, ambako kweli unahitaji kutembea, nilitumia simu: maktaba ya programu ya ZXing, inayosoma bakodi kwa kamera, ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, na kamera ya simu ya kawaida inasoma vizuri kama huna haraka. Kaunta ni pengine. Kutafuta fokasi sekunde mbili kwa kila boksi, mbele ya mgonjwa aliyesimama, na simu yenyewe ikipigwa katikati ya mauzo, hapana.

Sasa lile kundi lisilo na bakodi. Sehemu kubwa ya mauzo ya famasi za mtaani ni ya rejareja ya kweli: strip moja, vidonge sita, bandeji kwa kipande. Boksi lenye bakodi lilishafunguliwa juzi na liko chini ya kaunta. Hapa skana ya bei yoyote haisaidii mpaka uunde namba zako. Namba za EAN zinazoanza na 20 mpaka 29 zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka, kwa hiyo kitu namba 47 kikawa 200000000047, na tarakimu ya ukaguzi mwishoni. Unazidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana kuanzia kushoto: 2 inabaki 2, 4 inabaki 4, 7 inakuwa 21, jumla 27, ili kufika 30 unahitaji 3. Bakodi ni 2000000000473. Nilizipanga kwenye karatasi mbili ngumu zilizobandikwa kaunta, jina la dawa kwa herufi kubwa na bakodi chini yake. Dada anakata strip, anaelekeza skana kwenye karatasi, basi. Usizichape ndogo mno: ukubwa wa kawaida wa EAN-13 ni karibu milimita 37 kwa upana pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, na kushuka chini ya asilimia 80 ni kujitafutia lawama. Hizo nafasi nyeupe ni sehemu ya bakodi. Ukizikata ili karatasi ipendeze, hata skana ya laki sita itakaa kimya.

Upande wa hifadhidata nitapita haraka, kwa sababu haubadiliki kwa skana yoyote. Hifadhi bakodi kama maandishi, kamwe si kama namba. Sifuri ya mbele ikipotea bidhaa ya Kimarekani inageuka kitu kingine, na skana moja itakupa UPC kwa tarakimu 12 wakati nyingine inaongeza 0 mbele zikawa 13. Chagua moja na usawazishe kabla ya kutafuta. Mhasibu akikuletea orodha ya bidhaa aliyoitoa Excel na kuihifadhi kama CSV, yaani faili la maandishi matupu, ikiwa na safu nzima ya 6.16E+12, tarakimu ulizozihitaji hazimo tena kwenye alichokihifadhi, mwombe faili la awali. Na jedwali la bakodi litenge na jedwali la dawa: paracetamol moja ina watengenezaji wengi, katoni ina namba yake na boksi lina yake, kwa hiyo kila bakodi iandikwe pamoja na idadi ya vidonge inavyowakilisha.

Kinachoningoja sasa ni printa ya lebo. Mwenye famasi anataka kila chupa iliyojazwa kutoka debe iwe na bakodi yenye bechi na tarehe ndani, si kwenye karatasi ya kaunta tu. Printa za karatasi ya joto ni rahisi kununua, ila maandishi yake hufifia yakikaa juani, na rafu yetu moja inapigwa na jua la asubuhi. Nimebandika lebo kadhaa hapo dirishani kwa majaribio. Bado zinasomeka, zikianza kugoma nitajua ni karatasi ya aina gani ya kuagiza.